Barua ya wazi kwa Wakuu wa Nchi za Afrika Mashariki kuhusu Darfur na ahadi za kuzuia mauaji ya kimbari

Waheshimiwa Wakuu wa Nchi Wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki,

Nawaandikia kwa heshima zote, nikiwa raia wa Jumuiya hii na mwalimu mstaafu wa somo la historia, niliyefundisha kwa miaka mingi katika Mkoa wa Kagera. Kila nilipofika kwenye mada ya Ujerumani ya mwaka 1933 au ya Rwanda ya mwaka 1994, darasa lilirudia swali lilelile: je, utawala wa kuangamiza watu kwa sababu ya kabila au dini yao unaweza kutokea tena katika dunia yenye Umoja wa Mataifa, mahakama za kimataifa na simu zenye kamera mikononi mwa watu? Ninyi mnastahili kulijibu swali hilo kuliko mwalimu, kwa kuwa vyombo vya kuzuia maafa hayo vimo mikononi mwenu. Jibu langu ni kwamba unaweza kutokea, kwamba umekwisha kutokea tangu dunia ilipoapa kuwa hautarudi, na kwamba unatokea sasa huko Darfur, nchini Sudan, nchi inayopakana na Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya yetu. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba sahihi mlizokwisha kuweka kwenye mikataba zingetosha kuzuia sehemu kubwa ya maafa haya, lakini vyombo vilivyoahidiwa kwa sahihi hizo ama havijaundwa, ama vimeundwa vikanyimwa uwezo wa kufanya kazi.

Naanza na Darfur. Tarehe 6 Oktoba 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini The Hague ilimtia hatiani Ali Muhammad Ali Abd-Al-Rahman, anayejulikana zaidi kama Ali Kushayb, kwa makosa 27 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu yaliyotendeka Darfur mwaka 2003 na 2004, alipokuwa kiongozi wa wanamgambo wa Janjaweed. Tarehe 26 ya mwezi huohuo, Vikosi vya Msaada wa Haraka, vinavyojulikana kama RSF, ambavyo vilizaliwa kutokana na Janjaweed haohao na kupewa hadhi ya kiserikali mwaka 2013, viliuteka mji wa El-Fasher baada ya kuuzingira kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo wakazi waliishiwa chakula hadi wakala ambaz, yaani mashudu ya karanga wanayolishwa mifugo. Wapiganaji walizungushia mji tuta la udongo lenye urefu wa zaidi ya kilomita 30, ili chakula kisiingie na watu wasitoke. Mji ulipoanguka, Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba wagonjwa na ndugu waliokuwa wakiwauguza, zaidi ya 460, waliuawa katika Hospitali ya Wazazi ya Saudi. Picha za satelaiti zilionyesha ardhi iliyobadilika rangi kwa damu. Na wauaji wenyewe walijirekodi kwa simu wakiwapiga risasi watu wasio na silaha, kisha wakazisambaza video hizo kwa majivuno.

Mwanafunzi aliyeamini kwamba kamera itamtia muuaji aibu alikuwa anawapima watu wote kwa moyo wake mwenyewe. Mahakama ilikuwepo, hukumu ilikuwa imesomwa, kila tuta lilikuwa linaonekana kutoka angani, na bado watu wa El-Fasher hawakupata mtu mwenye mamlaka ambaye alilazimika kisheria kuja kuwaokoa.

Wala haiwezekani kusema kwamba hatukujua. Mwaka 2023, katika mji wa El-Geneina, Darfur Magharibi, watu wa jamii ya Wamasalit waliuawa kwa idadi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliikadiria kuwa kati ya 10,000 na 15,000 katika mji huo mmoja. Gavana wa jimbo hilo, Khamis Abakar, alisema hadharani mwezi Juni mwaka huo kwamba watu wake wanaangamizwa, akaomba dunia iingilie kati, na akauawa siku hiyohiyo. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilitamka rasmi kwamba RSF na washirika wao wametenda mauaji ya kimbari. Yaliyofuata El-Fasher miezi tisa baadaye yalikuwa yametangazwa mapema kwa sauti ya juu.

Huenda mtu akaniambia kwamba RSF ni kundi lenye silaha na si utawala, na kwamba jeshi la Sudan wanalopigana nalo limeshutumiwa pia kwa kupiga mabomu masoko na makazi ya raia. Hilo la pili ni kweli, na wahusika wake wanapaswa kushtakiwa. Lakini kuhusu hilo la kwanza, naomba mtazame lilivyokua kundi hilo: lilianza na vijana wa kukodiwa waliochoma vijiji, likapewa sheria yake, magwanda yake, migodi yake ya dhahabu na wafadhili wake wa nje, na mwezi Julai 2025 likatangaza serikali yake yenye makao Nyala, huku kamanda wa RSF, Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kama Hemedti, akiwekwa kuwa mkuu wake. Udikteta wa mauaji unaweza kuanza kama genge na kuishia Ikulu, na njiani hukutana na watu wengi wanaoamua kuupisha. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Hapo ndipo ninapolazimika kusema jambo ambalo halitawafurahisha baadhi yenu. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, miezi michache baada ya El-Geneina, Hemedti alipokelewa na viongozi wa Uganda, Kenya na Rwanda kwa taratibu zinazofanana na za mkuu wa nchi. Mjini Kigali alipelekwa hadi kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Mwezi Februari 2025 RSF na washirika wao walikutana Nairobi, katika jumba la mikutano la KICC, wakatia sahihi hati ya kuunda serikali yao. Kabla ya hapo, mwezi Agosti 2010, Rais Omar al-Bashir wa Sudan alikuwa amealikwa Nairobi kushuhudia kutangazwa kwa Katiba mpya ya Kenya, ilhali Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilikuwa imetoa hati ya kumkamata kwa shitaka la mauaji ya kimbari mwezi mmoja tu uliotangulia.

Nafahamu sababu zilizotolewa. Serikali ya Kenya ilieleza kwamba ilikuwa inatoa jukwaa la amani, na ni kweli kwamba msuluhishi hawezi kukataa kuzungumza na wenye bunduki. Nisichokubali ni kumpokea mtu kwa zulia na kamera katika juma ambalo watu wake wanachoma mitaa. Mazungumzo ya usuluhishi yanaweza kufanyika katika chumba kisicho na bendera wala wapiga picha. Muuaji anayepigwa picha akipeana mkono na rais hurudi kwa wapiganaji wake na habari moja tu, kwamba hakuna atakayewagusa.

Sisi watu wa ukanda huu tunapaswa kuyajua haya kuliko wengine wote, kwa kuwa amani ya Rwanda ilitiwa sahihi Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na RTLM, redio ya kuchochea chuki, ilikuwa imeanza kurusha matangazo mwezi mmoja kabla ya hapo. Wajumbe walikuwa mezani wakigawana wizara, na nyumbani wenzao walikuwa wakiwafunza vijana wa kundi la wanamgambo la Interahamwe na kuandika majina ya watu wa kuuawa. Mwezi Januari 1994 kamanda wa askari wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali, Jenerali Roméo Dallaire, alitoa taarifa makao makuu New York kuhusu maghala ya silaha na mpango wa kuua, akajibiwa kwamba hana idhini ya kuyavamia maghala hayo. Tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda, akiwa pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Kesho yake Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na ndani ya siku chache serikali mpya ya muda ikawa imeapishwa. Kwa takriban siku 100 serikali hiyo iliongoza mauaji ya watu ambao Umoja wa Mataifa unawakadiria kuwa 800,000, na serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja.

Naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye mkoa mmoja, Butare, kwa sababu ndani yake limo somo ambalo hotuba za kila tarehe 7 Aprili huliruka. Mkuu wa mkoa huo, Jean-Baptiste Habyalimana, alikataa kuua. Aliita mikutano, akawasimamia watendaji wake, na kwa muda wa karibu wiki mbili, wakati Kigali ilikuwa imejaa maiti, sehemu kubwa ya Butare ilikuwa tulivu kiasi kwamba watu waliikimbilia kutoka mikoa mingine. Tarehe 17 Aprili redio ilitangaza kwamba ameondolewa kazini. Tarehe 19 Aprili rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, alikuja mwenyewe kumsimika mkuu mpya, na katika hotuba yake akawakejeli watu wanaosema kwamba mambo hayo hayawahusu, akawataka wakae kando wawapishe wanaotaka kufanya “kazi”. Wasikilizaji wote walijua kazi hiyo ni ipi. Mauaji makubwa yakaanza. Habyalimana aliuawa baadaye. Tarehe 21 Aprili, siku mbili tu baada ya hotuba hiyo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake nchini Rwanda hadi kufikia wapatao 270.

Kwa hiyo chuki ya wananchi peke yake haikuweza kuiangusha Butare. Ilihitajika barua ya uteuzi, gwaride la kusimika mkuu mpya, magari ya serikali, na waziri kama Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa na dhamana ya familia na maendeleo ya wanawake, ambaye mahakama ya Arusha, yaani ile ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za Rwanda, ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji, akiwa mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Vilevile ofisa mmoja aliyekataa, asiye na jeshi wala msaada kutoka nje, aliyachelewesha mauaji kwa siku nyingi. Huwa najiuliza ingekuwaje kama siku ile ya tarehe 17 Aprili kungekuwa na chombo cha kanda chenye wajibu wa kumuunga mkono.

Waheshimiwa Wabunge, kwenu nina neno fupi kuhusu Ujerumani. Adolf Hitler aliteuliwa kuwa Kansela tarehe 30 Januari 1933 kwa utaratibu wa katiba, baada ya chama chake kupata theluthi moja tu ya kura katika uchaguzi wa Novemba 1932. Bunge lilipochomwa moto mwezi Februari, haki za raia zilisitishwa kwa amri ya dharura kesho yake, na tarehe 23 Machi wabunge wenyewe, kwa kura 444 dhidi ya 94, wakaipa serikali uwezo wa kutunga sheria bila wao. Wabunge wa chama cha Kikomunisti hawakuwepo kupiga kura, kwa kuwa walikuwa wamekamatwa au wamekimbia. Kambi ya Dachau ilikuwa imefunguliwa siku moja kabla. Yote hayo yalichukua chini ya miezi miwili, na mauaji ya Wayahudi kwa mamilioni yalifuata miaka minane baadaye, wakati hapakuwa tena na bunge la kuuliza wala gazeti la kuandika. Sisemi kwamba kila serikali inayoongeza muhula au kutangaza hali ya dharura ni serikali ya wauaji, na anayesema hivyo hutuharibia hoja. Nasema kwamba ulinzi wa raia huondolewa kwa kura na kwa kanuni, mapema, wakati bado kuna nafasi ya kusema hapana bila kuuawa.

Sisi wa Ngara tuliyaona matokeo. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania, na kando ya barabara, mahali askari wetu walipowaamuru wavukaji kuacha silaha, yalikuwepo malundo ya mapanga. Chini ya daraja Mto Kagera ulikuwa unapitisha maiti, ambazo ziliteremka hadi Ziwa Victoria, na ndugu zetu wa Uganda katika vijiji vya wavuvi kama Kasensero wakazikusanya na kuzizika kwa maelfu. Kwa muda mrefu watu waliogopa kula samaki wa ziwa. Katika kambi ya Benaco wakimbizi walipangwa kwa wilaya walizotoka, na viongozi wa wilaya hizo wakaendelea kuwa viongozi, wakisimamia hadi ugawaji wa chakula. Mmoja wao alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Murambi. Mwezi Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini, umati wa wafuasi wake uliwazingira wafanyakazi wa misaada. Ilichukua hadi mwaka 2011 kwa mahakama ya Arusha kumtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Upande wa pili, Goma na Bukavu, kambi za namna hiyo zilikuwa kubwa zaidi na zenye silaha zaidi, na vita vilivyoanzia hapo mwaka 1996 havijaisha Kongo hadi leo.

Kuhusu Kongo nitasema kwa tahadhari, kwa sababu vidonda viko wazi. Kuna maneno ya chuki yanayotamkwa dhidi ya Wanyamulenge na Wakongo wengine wanaozungumza Kinyarwanda, na yanasikika kwa Kiswahili, lugha yetu sote. Kuna pia raia wa Kivu na Ituri wa jamii nyingine wanaouawa na makundi yenye silaha, yakiwemo yanayodai kwamba yanazuia mauaji ya kimbari. Kumbukumbu ya waliokufa mwaka 1994 haiwezi kuwa kibali cha kuvuka mpaka na kuua, wala uvamizi hauwezi kuwa kibali cha kumwinda jirani kwa sababu ya sura na lugha yake. Kila serikali yenu ikichagua wafu wa kuwalilia kwa kuangalia upande wa mpaka waliofia, neno lenyewe, mauaji ya kimbari, litakosa uzito, na siku litakapohitajika hakuna atakayelisikiliza.

Jambo jingine linalonitia hofu ni vitambulisho. Nchini Rwanda utawala wa Kibelgiji ulianza kuandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, na serikali za baada ya uhuru zikauendeleza utaratibu huo. Miaka sitini baadaye kadi hiyo iliamua nani avuke kizuizi cha barabarani na nani auawe papo hapo. Uholanzi ya wakati wa vita ilikuwa na daftari la wakazi lililotunzwa kwa umakini mkubwa, na takriban robo tatu ya Wayahudi wake waliuawa. Wapinzani wa Wanazi waliliona hilo, na mwezi Machi 1943 wakalipua ofisi ya daftari hilo mjini Amsterdam. Leo nchi zetu zinakusanya alama za vidole, sura na namba za simu za kila raia, na waliotukumbusha hatari yake ni Wanubi wa Kenya, ambao shirika lao la kutetea haki lilikwenda mahakamani, na mwezi Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango wa utambulisho wa Huduma Namba usiendelee bila sheria madhubuti za kulinda taarifa. Naomba Bunge la Afrika Mashariki litunge sheria inayokataza kabila, ukoo au dini kuhifadhiwa au kukisiwa katika daftari lolote la kitambulisho ndani ya Jumuiya, na inayomruhusu raia kufungua kesi sheria hiyo inapovunjwa.

Kuhusu simu na mitandao, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2018 jinsi Facebook ilivyochangia kueneza chuki dhidi ya Warohingya wa Myanmar, ambao zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017. Hatuhitaji kwenda mbali: mwezi Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba inaweza kusikiliza kesi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, kuhusu machapisho ya wakati wa vita vya Tigray huko Ethiopia. Huko ndiko kunakopaswa kuelekezwa nguvu za serikali, kwa kampuni zinazopata faida. Kuzima intaneti kwa nchi nzima, kama ilivyofanyika Uganda mwezi Januari 2021 na Tanzania mwezi Oktoba 2025, hakumzuii mchochezi mwenye redio ya upepo na bunduki. Humzuia mama anayetafuta kujua mwanawe yuko wapi, na humficha yeyote anayeua.

Sasa nafika kwenye maombi yangu makuu, ambayo yote yamo ndani ya hati zenu wenyewe. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya inasema kwamba maamuzi ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi yatafikiwa kwa maafikiano ya wote. Maana yake ni kwamba serikali inayotuhumiwa kuua raia wake inaweza kulizuia suala lake lisiamuliwe. Lakini waandishi wa Mkataba huohuo waliona tatizo hilo katika sehemu moja, kwa kuwa Ibara ya 148 inasema kwamba nchi inapofikiriwa kusimamishwa au kufukuzwa uanachama, maoni yake yenyewe hayatahesabiwa. Naomba kanuni hiyo ipanuliwe. Iwepo ofisi ya kudumu ya tahadhari, inayoongozwa na mtu asiyeteuliwa na serikali moja na asiyeweza kuondolewa kwa simu ya usiku, yenye haki ya kulifikisha suala mbele ya Mkutano wenu ndani ya siku chache, na nchi husika isiwe na uwezo wa kulizuia. Wakati wa Butare siku mbili zilikuwa nyingi.

Ombi hili si geni katika bara letu. Ibara ya 4(h) ya Sheria ya Msingi ya Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, inaupa Umoja huo haki ya kuingilia kati ndani ya nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mwezi Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama liliidhinisha askari 5,000 waende Burundi, serikali ya Burundi ikakataa, na mwezi Januari 2016 Wakuu wa Nchi wakaliacha wazo hilo. Huenda maafa makubwa zaidi yaliepukwa kwa sababu nyingine, na tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini kila mtawala wa bara hili alijifunza siku ile kwamba ibara hiyo inaweza kuzimwa kwa kukataa tu.

Pili, Ibara ya 27 ya Mkataba iliahidi kwamba Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki itaongezewa mamlaka, yakiwemo ya haki za binadamu, katika tarehe itakayopangwa na Baraza la Mawaziri. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1999. Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa ni wazazi, na tarehe hiyo haijapangwa. Majaji wapo Arusha, jengo lipo, wananchi wenye malalamiko wapo.

Tatu, Itifaki ya mwaka 2006 ya nchi za Maziwa Makuu kuhusu kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari iliagiza kuundwa kwa kamati ya kanda na kamati za kitaifa. Mimi niliyefundisha mada hii maisha yangu yote sijawahi kuona shuleni taarifa hata moja ya kamati hizo. Sudan imo katika Itifaki hiyo. Naomba kila kamati ya kitaifa ipewe fungu lake katika bajeti na itoe taarifa kwa umma kila mwaka, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine rasmi za nchi husika, ikitaja kwa majina wilaya zenye dalili za hatari.

Nne, Itifaki ya Malabo ya mwaka 2014, ambayo ingeipa mahakama ya Afrika uwezo wa kusikiliza kesi za mauaji ya kimbari, inamkinga rais aliye madarakani asishtakiwe. Tafadhali msiiridhie ikiwa na kinga hiyo. Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali ya mauaji, alikiri makosa mbele ya mahakama ya Arusha na akahukumiwa kifungo cha maisha mwezi Septemba 1998, siku mbili baada ya Jean-Paul Akayesu, mkuu wa wilaya ya Taba, kuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Historia hiyo ya sheria iliandikwa katika mji wenu wa Jumuiya. Kuwapa marais kinga leo ni kuirudisha nyuma.

Asiwepo wa kuniambia kwamba nchi zetu ni ndogo mno kwa mambo haya. Abubacarr Tambadou alikuwa mwanasheria katika mahakama ya Arusha, akafanya kazi kwa miaka mingi kwenye kesi za Rwanda, kisha akawa Waziri wa Sheria wa Gambia. Mwaka 2018 alitembelea kambi za Warohingya huko Cox's Bazar, akasikiliza simulizi zao, na akatambua alichokuwa amekisikia Arusha. Mwezi Novemba 2019 Gambia, nchi yenye watu wachache kuliko Dar es Salaam, iliishtaki Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwezi Januari 2020 majaji wote kwa kauli moja waliamuru Myanmar ichukue hatua za kuwalinda Warohingya waliobaki. Ujuzi uliofanya kazi hiyo ulipatikana hapa kwetu, na waliousoma hapa bado wapo katika ofisi zenu za wanasheria wakuu.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba suala la Darfur liwe katika ajenda ya Mkutano wenu unaofuata wa kawaida, pamoja na uamuzi kwamba hakuna nchi ya Jumuiya itakayowakaribisha hadharani, kuwapa jukwaa la kutangaza serikali, au kupitisha dhahabu na silaha za watu wanaochunguzwa kwa mauaji ya kimbari, wawe wa upande wowote wa vita vile. Naomba pia majibu ya maandishi kuhusu ibara za 12, 27 na 148, yakiwa na tarehe, yawasilishwe katika Bunge la Afrika Mashariki ambako mwananchi yeyote anaweza kuyasoma na kuyahoji.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Ngara, Kagera.